Sanaa ya Hadharani: Mali Bila Daftari

Muhula uliopita niliwapa wanafunzi wangu wa isimu zoezi nililodhani kuwa jepesi. Kila mmoja wao alitakiwa kuchagua sanamu au mnara mmoja jijini Nairobi, auendee, autazame, kisha aueleze kwa maneno mia mbili bila ya kutumia picha yoyote. Nia yangu ilikuwa kuchunguza jinsi Kiswahili kinavyobainisha mahali, umbo na mkao wa kitu. Kabla sijakamilisha maagizo, mwanafunzi mmoja asiyeona aliinua mkono.

"Mwalimu," aliuliza, "sanamu ya Kimathi imeshika nini? Tangu nije Nairobi wenzangu huniambia tukutane hapo, nami hufika kwa wakati. Lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kunieleza ilivyo."

Darasa zima lilinyamaza. Kisha mmoja akasema imeshika bunduki. Mwingine akasema ni bunduki na upanga. Wa tatu akashikilia kwamba ni fimbo. Nami, mwalimu wao, niliyepita hapo mara zisizo na idadi, sikuweza kusema kwa hakika ni silaha ipi iliyo katika mkono upi. Wenye simu waliipekua intaneti. Picha zilikuwepo tele. Sentensi moja ya Kiswahili inayoieleza sanamu hiyo hatukuipata. Ndipo nilipong'amua kwamba aliyekuwa hajaiona sanamu ile hakuwa mwenzetu huyo peke yake.

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Aghalabu methali hii husomeshwa kama wasia kwa wafanyabiashara. Leo ningependa kuielekeza kwenye mali ya aina nyingine, mali ambayo mwenyewe ni kila mwananchi: sanamu za barabarani, minara ya ukumbusho, michoro ya ukutani, na michongo iliyo katika bustani na nyua za taasisi zetu. Hii ndiyo ninayoiita sanaa ya hadharani. Haina mlango wala tiketi. Mchuuzi huiegemea, mtoto huipanda, wapenzi huahidiana kukutana chini yake. Hata hivyo, ni wachache mno kati yetu wawezao kutaja jina la aliyeichonga, mwaka iliposimamishwa, au sababu ya kuwekwa pale ilipo na si kwingineko.

Naanza na hasara niliyoishuhudia mwenyewe. Katika shule ya msingi niliyosomea palikuwa na mchoro mkubwa katika ukuta wa bwalo. Ulionyesha ziwa, mitumbwi mitatu, na mwanamke akianika samaki juu ya mkeka. Kwa miaka minane niliutazama mchoro huo kila siku nikisubiri uji. Nilipoizuru shule hiyo baadaye nikiwa mtu mzima, nilikuta ukuta umepakwa rangi ya maziwa kutoka ncha hadi ncha. Niliambiwa kwamba mgeni mashuhuri alikuwa aje, na ukuta ulionekana mchafu. Hapakuwa na picha ya mchoro ule ofisini, wala hati iliyoutaja. Mzee mmoja wa kijiji ndiye aliyenieleza kwamba mchoraji alikuwa mzazi aliyeifanya kazi hiyo badala ya kulipa ada za mwanawe. Jina lake mzee alikuwa amelisahau.

Simlaumu aliyeshika brashi. Hakuna aliyemwambia kwamba alikuwa akifuta kitu. Hapo ndipo penye kiini cha hoja yangu: kitu kisichoandikwa popote hakina wakili siku ya kufutwa kwake.

Yaliyotokea shuleni hutokea pia katika miji. Sanamu ya Malkia Victoria katika Bustani ya Jeevanjee, iliyozinduliwa mwaka 1906, ilivunjwa mwaka 2015. Mwaka uo huo mjini Kisumu, mnara uliojengwa kuadhimisha miaka mia moja ya jamii ya Kalasinga mjini humo ulibomolewa na waandamanaji. Msomaji anaweza kusema kwamba sanamu ya malkia wa wakoloni haistahili machozi. Huenda. Sanamu ya Lord Delamere, iliyosimama katika barabara ambayo leo ni Kenyatta Avenue, iliondolewa Kenya ilipojinyakulia uhuru, na ni vigumu kuwashutumu walioiondoa. Lakini kuondoa na kusahau ni mambo mawili tofauti. Mwanafunzi anayetaka kujua taifa hili lilivyojivua vazi la ukoloni hana budi kujua vazi lenyewe lilikuwaje, lilitundikwa wapi, na nani alilitungua. Kwa hivyo daftari ninalolipendekeza lisiwe la vitu vilivyosimama tu. Liwe pia la vilivyohamishwa, vilivyoharibiwa na visivyokuwepo tena.

Daftari la namna hiyo siku hizi huwekwa ndani ya tarakilishi na kuitwa hifadhidata, yaani ghala la taarifa zilizopangwa kwa utaratibu mmoja ili mtu azitafute na kuzipata kupitia mtandao. Nchi nyingine zimekwisha kuijaribu kazi hii, na si lazima tuanze kwa kupapasa gizani. Nchini Marekani, kuanzia mwaka 1989, uliendeshwa mpango wa kuzinusuru sanamu za nje. Watu wa kujitolea wapatao 7,000, wakiwemo wanafunzi na wastaafu, walizunguka mitaani na kuandika habari za sanamu zaidi ya 30,000, pamoja na hali ya kila moja: je, ina ufa, ina kutu, imeegemea upande? Taarifa hizo ziliingizwa katika orodha ya taasisi ya Smithsonian ambayo mtu yeyote anaweza kuisoma. Nchini Uingereza, shirika lililoanza kazi mwaka 2003 liliorodhesha kwanza picha za rangi ya mafuta zilizo mali ya umma, zaidi ya 200,000, likazichapisha katika vitabu vya kila jimbo kabla ya kuziweka katika mtandao. Shirika hilo, ambalo sasa huitwa Art UK, likaigeukia michongo na sanamu kuanzia mwaka 2017.

Ninachokiona katika mifano hiyo miwili si wingi wa mitambo. Marekani walipoanza, kazi kubwa ilifanywa kwa kalamu, karatasi na macho. Mashine ilikuja baadaye kuyahifadhi maneno yaliyokwisha kuandikwa na watu. Kuorodhesha sanaa, kwa hiyo, ni kazi ya lugha kabla ya kuwa kazi ya tarakilishi. Kama ni kazi ya lugha, basi walimu na wanafunzi wa lugha hawawezi kukaa kando na kuwangojea mafundi.

Tulitazame kwanza suala la istilahi. Kiswahili kina hazina ya maneno katika uwanja huu: sanamu, mnara, kinyago, mchongo, nakshi, mchoro. Tatizo ni kwamba tunayatumia bila mipaka. Mnara, kwa mathalani, hutumika kwa jengo refu la msikiti, kwa mlingoti wa kampuni ya simu, kwa saa ya mjini na kwa jiwe la ukumbusho lisilozidi kimo cha mtoto. Sanamu nayo katika matumizi ya zamani ilibeba hata maana ya picha. Ikiwa mtu mmoja ataandika "mnara wa Tom Mboya" na mwingine "sanamu ya Tom Mboya", tarakilishi itadhani ni vitu viwili. Mashine haina busara ya kukisia. Kwa hiyo, kabla ya kuandika rekodi ya kwanza, yatupasa kukubaliana kwamba sanamu ni umbo la kiumbe, mnara ni jengo la ukumbusho, mchoro ni kazi ya rangi juu ya ukuta, na kadhalika. Hilo ni zoezi la kisemantiki ambalo darasa la Kidato cha Tatu linaweza kulifanya kwa kipindi kimoja.

Sambamba na istilahi kuna majina. Zile pembe kubwa za ndovu zinazovuka barabara ya Moi mjini Mombasa, zilizowekwa katika miaka ya 1950 kwa ajili ya ziara za jamaa wa kifalme wa Uingereza, zina jina katika vitabu vya watalii. Mwenyeji wa Mombasa hatumii jina hilo. Yeye humwambia utingo amshushe Mapembeni. Daftari litakaloziorodhesha pembe hizo kwa Kiingereza pekee litamhudumia mgeni na kumfungia mlango mwenye mji. Kila rekodi sharti iwe na jina rasmi, na chini yake majina yote ambayo watu huyatumia kweli, ili mtafutaji akiingia kwa mlango wowote afikie chumba kile kile.

Hata upatanisho wa kisarufi, ambao wanafunzi huulalamikia sana, una la kutufunza hapa. Tunasema, "Kimathi ameshika bunduki", kwa ngeli ya A-WA. Tunasema pia, "Sanamu ya Kimathi imeshika bunduki", kwa ngeli ya I-ZI. Tofauti hii ya kiambishi kimoja ni tofauti ya vitu viwili vyenye historia mbili. Dedan Kimathi ni mtu aliyenyongwa na serikali ya kikoloni tarehe 18 Februari 1957. Sanamu yake ni kazi ya mchongaji Kevin Oduor, iliyozinduliwa na Rais Mwai Kibaki tarehe 18 Februari 2007, miaka hamsini kamili baadaye. Rekodi ikivichanganya viwili hivi, msomaji atabaki na shujaa bila kujua kwamba taifa lilichukua nusu karne kumsimamishia sanamu katika barabara yenye jina lake. Kimya hicho cha miaka hamsini ni sehemu ya historia yetu, na hakionekani katika shaba. Huonekana tu pale tarehe mbili zinapoandikwa bega kwa bega.

Mfano mwingine ni ule mnara wa askari katika Kenyatta Avenue. Wanaume watatu wa shaba wamesimama juu ya jiwe, kazi ya mchongaji Mwingereza James Alexander Stevenson, iliyozinduliwa mwaka 1928 kwa ukumbusho wa Waafrika waliohudumu katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Maandishi yake ya Kiingereza yalitungwa na Rudyard Kipling, na huwataja wapagazi kuwa ndio waliokuwa miguu na mikono ya jeshi. Yapo pia maandishi ya Kiswahili na ya hati za Kiarabu. Maandishi hayo ya Kiswahili yalichongwa miaka miwili kabla ya kuundwa, mwaka 1930, kwa ile Kamati ya Lugha iliyokabidhiwa kazi ya kusanifisha Kiswahili cha Afrika Mashariki. Kwa mwanaisimu, jiwe lile ni ushahidi wa jinsi lugha hii ilivyoandikwa hadharani kabla ya tahajia yake kuwekewa kanuni zile. Wapagazi wenyewe wameacha alama nyingine ya kiisimu: mitaa ya Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam, majina yaliyozaliwa na matamshi yetu ya jina la Kiingereza la kikosi chao. Hebu fikiria mwalimu wa historia na mwalimu wa Kiswahili wakiifungua rekodi moja ya mnara huo na kila mmoja kupata somo lake humo!

Nije sasa kwa wasanii. Tuna desturi mbaya ya kulikumbuka jina la kiongozi aliyevuta pazia siku ya uzinduzi na kulisahau jina la aliyekesha akichonga. Ni wanafunzi wangapi wanaojua kwamba Mnara wa Uhuru wa Uganda ulioko Kampala, ule wa mama anayemwinua mtoto juu, ulichongwa na Mkenya, Gregory Maloba, mzaliwa wa Mumias? Maloba alisoma na kufundisha Makerere, kisha akaja kufundisha katika chuo kikuu cha Nairobi. Ni wangapi wanaojua kwamba ile sanamu ya Mzee Kenyatta aliyeketi katika uwanja wa Jumba la Mikutano la Kimataifa la KICC ni ya Mwingereza James Butler, ya mwaka 1973, na kwamba ile ya Tom Mboya katika Moi Avenue, iliyozinduliwa mwaka 2011 karibu na mahali alipouawa mwaka 1969, ni ya Mkenya Oshoto Ondula? Ukiziweka tarehe hizi katika safu moja utaliona jambo ambalo hakuna sanamu moja inayoweza kukuambia peke yake: jinsi kazi ya kuwachonga mashujaa wetu ilivyohama polepole kutoka mikono ya wageni hadi mikono yetu. Ukanda huu umebadilishana wasanii pia. Michoro mitano ya maisha ya Yesu katika kanisa kuu la Kianglikana la Murang'a, iliyochorwa mwishoni mwa miaka ya 1950 ikiwa na sura na mandhari ya Kiafrika, ni kazi ya Elimo Njau, mzaliwa wa Tanganyika. Mkenya alichonga Kampala. Mtanganyika alichora Murang'a. Daftari ndilo litakalotuonyesha mtandao huo wa kazi na watu.

Nimefika kwenye neno lililoibuliwa na mwanafunzi wangu bila yeye kulitamka: kufikika. Tukisema kwamba hifadhidata ifikike kwa wote, wengi hudhani tunamaanisha kwamba iwekwe katika mtandao bila malipo. Hiyo ni hatua ya kwanza tu. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, hukitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi, na huitaka serikali kukuza lugha za kiasili, Lugha ya Ishara ya Kenya, breli, na njia nyingine za mawasiliano zinazoweza kutumiwa na watu wenye ulemavu. Kifungu hicho kimoja kinatosha kuwa dira ya daftari letu. Picha ya sanamu bila maelezo ni ukuta mtupu kwa asiyeona. Lakini maelezo yaliyoandikwa vizuri yanaweza kusomwa na programu ya sauti katika simu yake, yakachapwa kwa breli, au yakafasiriwa kwa lugha ya ishara.

Nimesema maelezo yaliyoandikwa vizuri, na hilo si jambo la kupuuzwa. Wanafunzi wangu waliporudi na kazi zao, nyingi zilisomeka hivi: "Hii ni sanamu ya kupendeza sana ya shujaa wetu mkubwa, inayotukumbusha ujasiri wake usio kifani." Sentensi hiyo ni safi kisarufi, na haielezi chochote. Unaweza kuibandika kwenye sanamu yoyote duniani. Tuliketi tukaandika upya: "Mwanamume amesimama wima juu ya jukwaa la mawe. Amevaa sare za kivita. Nywele zake ni ndefu na zimesokotwa. Mkono wa kulia umeshika bunduki, mkono wa kushoto umeshika kisu. Sanamu ni ya shaba." Maneno hayafiki thelathini na tano. Yule mwanafunzi asiyeona alisikiliza, akanyoosha mikono yake miwili mbele yake, wa kulia na wa kushoto, akaipanga ilivyotajwa. Kwa mara ya kwanza alikuwa ameiona. Tangu siku hiyo nimeacha kuwaambia wanafunzi kwamba insha ya maelezo ni mazoezi tu ya mtihani.

Kufikika kuna maana nyingine pia. Shule nyingi za mashambani hazina tarakilishi ya kutosha hata kwa darasa moja, na vifurushi vya data vina gharama. Hifadhidata yenye picha nzito na madoido ya kumeremeta itakuwa mali ya wachache mijini. Iwe nyepesi kiasi cha kufunguka katika simu ya bei nafuu. Kila rekodi iwe na maandishi yanayojitosheleza hata picha isipofunguka. Kila kaunti ichapishe orodha yake na kuiweka katika maktaba na shule. Waingereza walianza na vitabu. Sisi tuna sababu bora zaidi ya kutoviacha.

Sikosi kuzisikia pingamizi. Ya kwanza ni ya fedha: katika nchi ambayo watoto wengine husomea chini ya miti, nani atagharimia orodha ya sanamu? Swali hili ni la haki na lastahili jibu. Jibu langu ni kwamba fedha nyingi zilikwisha kutumika siku ya kuzisimamisha. Mnara wa Nyayo ulijengwa mwaka 1988 kuadhimisha miaka kumi ya utawala wa Rais Moi. Hapana aliyeuliza wakati huo kama karatasi moja ya kueleza maana ya kila sehemu yake ingekuwa ghali. Kuandika ni sehemu ndogo ya gharama ya kujenga, na bila kuandika, kujenga kwenyewe hugeuka hasara. Waaidha, shughuli za kitamaduni na maktaba ni miongoni mwa majukumu ambayo Katiba imezikabidhi serikali za kaunti, na zina bajeti zake.

Pingamizi ya pili ni ya usalama. Wezi wa vyuma, wasema wapinzani, watapewa ramani. Hofu hii haikutoka hewani. Mwaka 2022 serikali ililazimika kusitisha kwa muda biashara ya vyuma vikuukuu kwa sababu ya uharibifu wa nyaya na miundomsingi mingine. Lakini sanamu ya barabarani haijifichi. Mwizi anaijua bila ya kusoma. Asiyeijua ni polisi anayetakiwa kuitambua ikikamatwa katika gari la mwizi, kwa maana hana picha wala vipimo vyake. Rekodi humsaidia mlinzi zaidi ya mwizi.

Ya tatu ndiyo nzito kuliko zote: ni nani atakayeandika maana ya kila kazi? Mwaka 2015 katika Bustani ya Uhuru ulizinduliwa mnara wa kuwakumbuka walioteswa enzi za ukoloni, na fedha zake zilitoka kwa serikali ya Uingereza, mrithi wa serikali ile ile iliyotesa. Kwa mmoja huo ni mnara wa haki. Kwa mwingine ni fidia duni iliyopakwa rangi. Sidhani kwamba daftari lina mamlaka ya kuwapatanisha. Kazi yake ni kutenga safu mbili. Safu ya kwanza iwe ya yale yanayoonekana na kuthibitika: umbo, vipimo, mwaka, msanii, mfadhili, maandishi yaliyochongwa. Safu ya pili iwe ya yale yanayosemwa, kila kauli ikiwa na mwenyewe. Mwanafunzi akijifunza kutenganisha safu hizo mbili, atakuwa amejifunza jambo litakalomfaa mbali na sanaa.

Nani basi aanze? Sheria ya Makavazi na Turathi za Kitaifa ya mwaka 2006 humpa waziri uwezo wa kutangaza mnara au jengo kuwa turathi inayolindwa. Hilo ni jema, lakini haiyumkiniki kuulinda kila mchoro wa bwalo la shule kwa tangazo katika gazeti rasmi la serikali. Kuuandika, hata hivyo, kunawezekana, na wenye uwezo huo ni nyinyi walimu na wanafunzi mnaousoma ukurasa huu. Mtaala wa umilisi unadai miradi ya jamii. Huu hapa mradi. Darasa liandike kazi tano zilizo karibu na shule. Kwa kila kazi wajibu maswali manane: inaitwaje rasmi na inaitwaje na wenyeji, iko wapi hasa, ni ya nyenzo gani, ina urefu na upana gani, nani aliitengeneza, iliwekwa lini na kwa nini, ina maandishi gani, kwa lugha gani, na hali yake leo ikoje. Kisha waandike aya moja ya maelezo ambayo asiyeona anaweza kuisikiliza na kuielewa. Wapige picha moja kutoka mbele na moja kutoka upande. Pale penye mlinzi au ua wa faragha, ruhusa iombwe kwanza. Jina la msanii lisikosekane kamwe, na likikosekana, yaandikwe majina ya wazee walioulizwa, kwa idhini yao, ili atakayekuja baadaye ajue pa kuanzia.

Tupige hesabu ndogo. Kaunti ni 47. Kila kaunti ikitoa shule ishirini tu, na kila shule ikaandika kazi tano, tutakuwa na rekodi 4,700 kwa muhula mmoja. Idara za Kiswahili, historia na sanaa katika vyuo vikuu vyetu zinaweza kuzihariri, kusawazisha istilahi na kuondoa marudio. Idara za sayansi ya tarakilishi zinaweza kuijenga hifadhidata yenyewe na kuitunza. Makavazi na maktaba zinaweza kuisimamia ili isife siku mfadhili anapoaga. Makosa yatakuwepo. Ndiyo maana kila rekodi yafaa ionyeshe tarehe ya kuandikwa na nafasi ya kusahihishwa. Daftari lenye makosa husahihishika. Lisilokuwepo halina pa kusahihishia.

Nami nimeanza kwa sehemu yangu. Maelezo ya wanafunzi wangu, yapatayo thelathini, yamehaririwa na kuhifadhiwa idarani, na muhula ujao darasa litakalofuata litayaendeleza kutoka yalipokomea. Mwanafunzi aliyeuliza lile swali ndiye tuliyempa kazi ya mhariri. Kila aya husomwa mbele yake, naye huuliza maswali yale yale: mkono upi? Inaangalia wapi? Mguu gani uko mbele? Ni nani aliyeichonga? Mwandishi asipoweza kujibu, hurejeshwa mjini akatazame tena.

Nimejaribu kuwaandikia pia ule mchoro wa bwalo la shule yangu. Ziwa ninalikumbuka, mitumbwi naikumbuka, na mkeka pia. Mhariri wetu aliniuliza mwanamke yule alikuwa akitazama upande gani. Sikuweza kumjibu, na kwangu mimi hapana pa kurejea.